Klasta ya SQL Dar na Dodoma: nodi zote hai, pingi inajibu, lakini programu nyingine zinagoma kuunganika

Fundi_Nodi

Wakuu heshima kwenu.

Niende moja kwa moja. Kuna taasisi ya fedha nawafanyia kazi, jina tuliache. Kanzidata yao ilikuwa kwenye klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya nodi, yaani seva, mbili hapa Dar, Windows Server 2019 na SQL Server 2019, Always On (nodi moja ni kuu, nyingine zinashika nakala ya data), haijawahi kusumbua. Wakubwa wakaamua kuwe na nodi ya tatu Dodoma ili Dar ikizima kabisa kazi iendelee. Linki ni faiba ya kukodi, inapita kwenye ruta pande zote, kwa hiyo Dodoma ina sabneti yake, yaani kipande chake cha anwani za mtandao:

Dar: 10.10.20.0/24, nodi DAR1 na DAR2
Dodoma: 10.60.20.0/24, nodi DOD1
Lisena (jina ambalo programu hulitumia kufika kwenye kanzidata): MKOPO-SQL, anwani 10.10.20.50 na 10.60.20.50

Klasta imeipokea DOD1 bila shida, data inafika. Ila tangu siku hiyo programu ya mikopo (.NET) inaingia vizuri, mfumo wa ripoti wa zamani unaingia mara moja, mara ya pili unaganda kama sekunde kumi na tano halafu unasema muda umeisha. Programu ya kaunta ya Java ndiyo balaa zaidi. Nikiuliza nslookup (amri ya kuuliza DNS, daftari la majina na anwani) naona anwani zote mbili. Kwenye Failover Cluster Manager ile ya Dar iko Online, ya Dodoma iko Offline.

Watu wa mtandao wanasema kwao kila kitu kijani. Watu wa programu wanasema ni mtandao. Mimi nimebaki katikati napokea simu za matawi.

Swali: hiyo ya Dodoma kuwa Offline ni sawa? Nikiifuta itatulia?

kiti_cha_mbele

Navuta kiti. Uzi wa seva humu huonekana kwa nadra kama mvua ya Agosti Dodoma, siku zote ni "simu gani inakaa na chaji".

BintiKanzidata

Fundi, usiifute. Iko sahihi kabisa.

Jina la lisena linategemea anwani hizo mbili kwa uhusiano wa "au", si "na". Yaani moja ikiwa hai, jina linakuwa hai. Nodi kuu ikiwa Dar, anwani ya Dar ndiyo inawaka na ya Dodoma inalala. Huduma ikihamia DOD1 zinabadilishana zamu. Hazitakiwi kuwaka zote mbili kwa pamoja hata siku moja.

Tatizo lako liko kwa mteja. Ukitengeneza lisena kwa SSMS au kwa T-SQL (zana na lugha ya SQL Server), klasta inawekewa RegisterAllProvidersIP = 1. Hiyo inaandikisha anwani zote kwenye DNS, iliyo macho na iliyolala. Programu inauliza MKOPO-SQL ni nani, inapewa mbili, na DNS huzungusha mpangilio wake kila inapojibu. Draiva (kipande kinachoiunganisha programu na kanzidata) ya zamani inachukua ya kwanza kwenye orodha na kung'ang'ana nayo. Ikiangukia 10.10.20.50, raha mustarehe. Ikiangukia 10.60.20.50, kwa wakati huo hakuna kifaa chochote chenye anwani hiyo, kwa hiyo hakuna wa kukaribisha wala wa kufukuza. Windows inaendelea kubisha hodi kwa takriban sekunde 21 ndipo ikate tamaa. Na muda wa kawaida wa kusubiri muunganisho kwenye SqlClient ni sekunde 15. Programu inajifia kabla haijaigusa anwani ya pili. Sekunde kumi na tano zako ndizo hizo.

Dawa ni neno moja kwenye mstari wa muunganisho:

.NET: Server=tcp:MKOPO-SQL,1433;Database=Mikopo;MultiSubnetFailover=True
ODBC: MultiSubnetFailover=Yes
JDBC: multiSubnetFailover=true

Ukiliweka, draiva inabisha milango yote kwa mpigo, anayeitikia kwanza ndiye huyo huyo. Wala halina madhara hata klasta ikiwa ya sabneti moja.

Kuhusu ile ya .NET inayoingia bila hilo neno: kuanzia .NET Framework 4.6.1 kuna TransparentNetworkIPResolution, inajaribu anwani ya kwanza kwa nusu sekunde, ikikosa inazijaribu zote pamoja. Bado nakushauri uliandike lile neno waziwazi.

Thibitisha mwenyewe ukiwa kwenye seva ya ripoti. Endesha "sqlcmd -S MKOPO-SQL" mara kadhaa, kisha "sqlcmd -S MKOPO-SQL -M". Hiyo -M ndiyo MultiSubnetFailover ya sqlcmd. Ya kwanza itasuasua, ya pili itaingia kila mara. Waoneshe watu wa programu, kesi iishe hapo.

Kipanga_Kaskazini

Dada umeeleza vizuri, lakini kwa nini tujitese? Waambie wenye faiba wakupe tabaka la pili, nyosha VLAN moja (mtandao mmoja wa ndani) kutoka Dar mpaka Dodoma, anwani moja tu, programu hazijui hata kama kuna Dodoma. Sisi tumefanya hivyo kati ya majengo mawili na inapiga kazi.

mzee_wa_swichi

Kipanga mwanangu, majengo mawili ya Posta siyo Dar na Dodoma.

VLAN moja maana yake ni eneo moja la maafa. Mtu wa Dodoma akichomeka kebo ncha zote mbili kwenye swichi isiyolindwa, brodikasti zinaanza kuzunguka, zinapanda faiba, zinafika Dar. Siku hiyo umepoteza vituo vyote viwili, na kile cha pili ulikijenga ili visife pamoja. Nilishaona benki ndogo ikilala mchana kutwa kwa kebo ya nusu mita.

Halafu niambie lango la hiyo VLAN, yaani anwani ya kutokea nje, liko wapi. Kama liko kwenye ruta ya Dar, Dar ikizima DOD1 itabaki na anwani yake nzuri kabisa na haina njia ya kutoka nje. Ukiweka lango pande zote mbili, jiandae kuchuja itifaki za lango zisionane, la sivyo mteja wa Dodoma atatoka kwa lango la Dar na kurudi tena Dodoma, kilomita mia tisa kumfikia jirani yake.

Tabia hii ya kunyosha VLAN ni ya urithi. Kabla ya Windows Server 2008, nodi za klasta ya Windows zililazimika kukaa sabneti moja. Windows ikafungua, lakini klasta ya SQL yenye hifadhi ya pamoja ikaendelea kudai VLAN mpaka SQL Server 2012. Waliojifunza kazi kipindi hicho wakabaki na mkono huo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Leo ukiitaka kweli ipo VXLAN na EVPN (njia za kunyosha mtandao juu ya ruta), zinafanya kwa ustaarabu zaidi, ila zinataka vifaa vinavyojua hiyo lugha na watu wa kuvitunza saa nane usiku. VXLAN pia inaongeza baiti 50 kwa kila paketi, kwa hiyo MTU (ukubwa wa juu wa paketi) ya njia nzima iwe imepanda. Kwa nodi moja ya akiba? Hapana.

Kipanga_Kaskazini

Nimekuelewa mzee. Lakini kuna programu ambazo aliyezitengeneza hapatikani, mstari wa muunganisho umefichwa ndani. Hizo mnazifanyaje? Kubaki na anwani moja kulikuwa kunatusaidia hapo.

mwanafunzi_mtandao

Samahani wakuu kwa swali la kitoto. Kama anwani haiwezi kutoka Dar kwenda Dodoma, ndani ya Dar inahamaje kutoka DAR1 kwenda DAR2?

Pwani_Linux

Mwanafunzi, hilo si swali la kitoto, ndilo moyo wa mambo yote hapa.

Ndani ya sabneti moja, vifaa vinatafutana kwa ARP: "nani ana 10.10.20.50?" Mwenye nayo anajibu na anwani ya MAC yake, yaani namba ya kadi yake ya mtandao. DAR2 ikichukua kazi, inatangaza bila kuulizwa: "10.10.20.50 sasa ni mimi, MAC yangu ni hii." Swichi na ruta zinasahihisha jedwali zao na maisha yanaendelea ndani ya sekunde. Tangazo hilo halivuki ruta. Na hata kama lingevuka, ruta zote kati ya Dar na Dodoma zimeandikiwa kwamba 10.10.20.0/24 iko Dar. Ni sawa na kuhama Kariakoo kwenda Dodoma halafu ukang'ang'ania namba ya nyumba ya Mtaa wa Kongo: posta itaendelea kupeleka barua Kongo.

Kwa hiyo ukivuka sabneti una mambo mawili tu ya kusogeza. Ama unasogeza jina, yaani DNS, kama Windows inavyofanya. Ama unasogeza njia, yaani unawaambia ruta.

Sisi huku Mombasa tuko Linux kitambo, na watu hujichoma hapa hapa na keepalived (programu ya kuhamisha anwani kati ya seva). VRRP, itifaki yake, inatuma kwa maltikasti 224.0.0.18, itifaki namba 112, na haitoki nje ya sabneti. Mtu akiona hivyo anaweka unicast_peer (kutuma moja kwa moja kwa seva ya pili), mapigo, yaani ishara za "niko hai", yanavuka, anashangilia. Halafu seva ya upande wa pili inachukua VIP (anwani inayohama) ya sabneti ambayo haipo kule. Mapigo yamefika, anwani haina maana. Tukitaka VIP ivuke, tunaipa anwani ya /32 isiyo ya sabneti yoyote, kila seva inaitangaza kwa BGP (lugha ya ruta kupeana njia) kupitia programu za FRR au BIRD pale tu huduma yake inapokuwa hai. Huduma ikifa, tangazo linaondolewa, ruta zinageukia upande wa pili. Hakuna DNS, hakuna draiva ya kubembeleza. Ila lazima mtu wa ruta akubali kuongea BGP na seva yako, na hapo ndipo mipango mingi huishia, kwa mkutano.

Pacemaker, programu ya klasta ya Linux, nayo ipo. Corosync 3, inayobeba mawasiliano yake, inatumia knet, inakubali linki mpaka 8 kwa kila nodi na hailazimishi maltikasti, kwa hiyo kuvuka sabneti si shida tena. Kwa miji miwili wenyewe wanashauri klasta mbili tofauti na booth juu yake. Booth inatoa tiketi, mwenye tiketi ndiye anayeendesha huduma, na msuluhishi anakaa mahali pa tatu.

Fundi_Nodi

Dada Binti, Mungu akuzidishie. Nimefanya jaribio la -M mbele ya watu wa programu, wamenyamaza wenyewe.

Ya mikopo imeandikwa neno, safi. Ya kaunta tumekuta inatumia draiva ya jTDS, haina kitu kama hicho. Wamebadilisha wakaweka draiva ya JDBC ya Microsoft, matawi yametulia. Umebaki mfumo wa ripoti. Unatumia OLE DB ya zamani, na muuzaji anasema kugusa mstari wa muunganisho ni "mabadiliko ya mkataba". Ankara yake nimeiona, tuendelee na mengine.

Kipanga, swali lako ndilo langu sasa.

Kipanga_Kaskazini

Weka kwenye faili la hosts la seva ya ripoti, MKOPO-SQL = 10.10.20.50. Dakika moja.

BintiKanzidata

Itafanya kazi mpaka siku Dar itakapozima, ambayo ndiyo siku pekee mliyoijengea yote haya. Usiku huo atakumbuka nani faili la hosts la seva ya ripoti?

Njia ya heshima ni kuiambia klasta iandikishe anwani iliyo hai peke yake:

Get-ClusterResource "MIKOPO-AG_MKOPO-SQL" | Set-ClusterParameter RegisterAllProvidersIP 0
Get-ClusterResource "MIKOPO-AG_MKOPO-SQL" | Set-ClusterParameter HostRecordTTL 300

Jina la rasilimali lichukue kutoka Get-ClusterResource, huwa lina jina la kundi mbele yake, watu hukwama hapo. Mabadiliko hayashiki mpaka jina lizimwe na kuwashwa. Na hapa uwe macho: kundi la Always On linalitegemea hilo jina, ukilizima, kanzidata nazo zinatoka hewani pamoja nalo. Fanya usiku, au uondoe utegemezi kwanza kisha uurudishe. Mwisho endesha Update-ClusterNetworkNameResource ili DNS iandikwe upya, kisha nslookup ikuoneshe anwani moja.

Draiva zenye MultiSubnetFailover zitaendelea vizuri tu, hazijali kupewa moja.

Gharama yake ni muda. TTL (muda wa mteja kukumbuka jibu la DNS) ya kawaida ya jina la klasta ni sekunde 1200, dakika 20 nzima mteja anashikilia anwani ya marehemu. Ndiyo maana tunaishusha hadi 300. Chini zaidi ya hapo inawezekana, ila seva za DNS zitaulizwa mara nyingi zaidi.

Lakini TTL si habari yote, na hapa ndipo nimeona watu wengi wakiumia. DNS yenu naamini imo ndani ya Active Directory (AD, orodha kuu ya watumiaji na kompyuta za Windows), na Dar na Dodoma ni saiti mbili. Huduma ikihamia DOD1, jina linaandikwa kwenye DNS ya Dodoma. Mteja aliyeko Dar, au tawi linaloelekezwa kwenye DNS nyingine, hataiona mpaka AD inakilishe kati ya saiti, na muda wa kawaida wa saiti kwa saiti ni dakika 180. Saa tatu! Unaweza kuushusha hadi dakika 15, au kuwasha taarifa ya mabadiliko kwenye linki ya saiti, ile sifa ya options ikawa 1, ikawa inanakili papo hapo kama ndani ya saiti moja. Hata hivyo seva ya DNS yenyewe husoma AD kila baada ya sekunde 180. Jumlisha vyote ndipo umwambie bosi "tutarudi baada ya dakika ngapi".

mzee_wa_swichi

Hapo kwenye saa tatu umenigusa. Ni mara chache mtu wa kanzidata kumkumbuka mtu wa AD.

Fundi, hujasema shahidi, yule mpiga kura wa ziada wa klasta, yuko wapi.

Fundi_Nodi

Shahidi ni folda ya pamoja kwenye seva ya mafaili, Dar, raki ya pembeni.

mzee_wa_swichi

Basi hesabu akidi, yaani zaidi ya nusu ya kura ili klasta iendelee. DAR1 kura moja, DAR2 moja, DOD1 moja, shahidi hahesabiwi nodi zikiwa tatu: kura tatu, mbili ziko chumba kimoja. Dar ikizima ghafla, DOD1 inabaki na moja kati ya tatu. Itajizima, na ndivyo ilivyoagizwa, kwa sababu yenyewe haijui kama Dar imekufa au ni faiba tu imekatwa na katapila la barabarani. Ikiendelea kazi kwa kuhisi, na Dar nayo iko hai, mtakuwa na kanzidata mbili zinazoandikisha mikopo tofauti, na hakuna wa kuziunganisha tena.

Ukitaka ihame yenyewe, mambo matatu yakae sawa. Shahidi akae mahali pa tatu, asitegemee Dar wala Dodoma. Kura za Dar na Dodoma zilingane. Na unakili uwe wa kusubiriana, yaani SYNCHRONOUS_COMMIT, kwa sababu Always On haihami yenyewe kwenda nodi isiyosubiriwa. Shahidi wa wingu yupo tangu Windows Server 2016, anahitaji bandari 443 tu kwenda kwenye hifadhi ya Azure, na Azure ina kituo Johannesburg. Faili lenyewe ni dogo, halina gharama ya kuumiza.

Sasa hilo la kusubiriana lina bei yake. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450 kwa barabara, kwenda na kurudi ni milisekunde nne na nusu kabla hata hujahesabu ruta, na faiba hainyooki kama rula. Kila muamala ukisubiri hivyo, kaunta hawataona kitu, lakini kazi ya kufunga siku inayoandika rekodi mojamoja itarefuka, na kelele utazisikia.

BintiKanzidata

Ndiyo maana kwa nodi moja ya mbali mimi huiacha bila kusubiriana, na naivua kura kabisa:

(Get-ClusterNode DOD1).NodeWeight = 0

Hapo faiba ikikatika, Dar haitikisiki. Dar ikifa, mtu mzima anaamua: Start-ClusterNode -Name DOD1 -FixQuorum, kisha ALTER AVAILABILITY GROUP ... FORCE_FAILOVER_ALLOW_DATA_LOSS. Jina la amri lenyewe linakuambia unachosaini. Tofauti yangu na mzee ni hapo: kuhama kwenyewe kwa mji mzima sikutaki, nataka simu ipigwe na mwenye mamlaka aseme ndiyo.

mzee_wa_swichi

Na kama mwenye mamlaka yuko kwenye ndege? Lakini kwa nodi moja nakubaliana nawe. Kwa mbili mbili, nisingekubali.

Fundi_Nodi

Tumekubaliana na wakubwa njia ya dada: haisubiriwi, haina kura, uamuzi wa mtu. Shahidi abaki Dar kwa ajili ya DAR1 na DAR2.

Jipya: karibu kila usiku kuna tukio 1135, DOD1 inaondolewa kwenye klasta, baada ya dakika chache inarudi. Mchana haitokei. Pingi mchana ni milisekunde nane, tisa.

BintiKanzidata

Mapigo yanapita UDP 3343, moja kila sekunde. Kwenye Windows Server 2016 na kuendelea, CrossSubnetThreshold ni 20, yaani mapigo ishirini mfululizo yapotee ndipo nodi ihesabiwe imekufa. Kwenye 2012 R2 ilikuwa 5 tu. Unaweza kuipandisha:

(Get-Cluster).CrossSubnetThreshold = 40

mzee_wa_swichi

Dada subiri kwanza. Sekunde ishirini za mapigo kupotea si linki kukohoa, linki imebanwa koo. Fundi, bakapu inanakiliwa Dodoma saa ngapi?

Fundi_Nodi

...saa sita usiku. Na tukio linaanza saa sita na dakika kama kumi.

mzee_wa_swichi

Nilijua. Ukipandisha kizingiti unamfundisha mlinzi kulala zaidi. Bakapu iwekewe kikomo, ama kwenye robocopy kwa /IPG, ama bora zaidi kwenye ruta kwa QoS, yaani kupanga nani apite kwanza: UDP 3343 na bandari 5022 ya unakili zipewe foleni ya mbele, SMB ya bakapu ikae nyuma. Ruta za pande zote mbili, siyo upande mmoja halafu unashangaa.

Ukiwa hapo, pima MTU. Kama wenye linki wanapitisha kwenye handaki la IPsec, 1500 haifiki. Toka DAR1: ping -f -l 1472 10.60.20.11. Ikikataa, shuka mpaka ipite. Ugonjwa wa MTU unadanganya sana, mapigo ni paketi ndogo zinapita, klasta inasema kila mtu mzima, huku unakili umekwama kwa sababu paketi kubwa zinamezwa njiani na mtu amefunga ICMP (ujumbe ambao ungetoa taarifa hiyo) kwenye fayawoli.

Pwani_Linux

Na lango! Fundi, hizo nodi zina kadi ngapi za mtandao?

Fundi_Nodi

Mbili mbili. Moja ya wateja, moja ya mapigo, 172.16.20.0/24 Dar na 172.16.60.0/24 Dodoma. Zote nimezipa lango.

Pwani_Linux

Ondoa moja. Windows yenye malango mawili inachagua njia inayoijua yenyewe, na jibu linaweza kutokea kadi tofauti na swali lilipoingilia. Fayawoli inaliona kama mgeni na kulitupa. Lango libaki kwenye kadi ya wateja. Ya mapigo ipe njia ya kudumu tu:

New-NetRoute -DestinationPrefix 172.16.60.0/24 -InterfaceAlias "Mapigo" -NextHop 172.16.20.1

Na kinyume chake kule Dodoma. Kisha kwenye mitandao ya klasta, ya mapigo iwe Role 1, klasta peke yake, na ya wateja iwe 3.

wingu_tu

Nimesoma uzi wote, nacheka kidogo. Sisi tuko wingu na sabneti nyingi si hiari. AWS kila sabneti inakaa ndani ya eneo moja la upatikanaji, kwa hiyo ukitaka nodi mbili zisife pamoja, tayari uko kwenye sabneti mbili. Cape Town wana maeneo matatu tangu walipofungua 2020. Anwani ya klasta na ya lisena unaziongeza kama anwani za pili kwenye kadi ya mashine upande wa wingu, siyo ndani ya Windows. Azure nao kwa SQL kwenye mashine pepe wanashauri sabneti nyingi, kwa sababu ukiwa nayo moja unalazimika kuweka kisawazisha mzigo mbele au jina la aina nyingine. Yote aliyoeleza Binti kuhusu MultiSubnetFailover yanahusu huku pia, neno kwa neno.

kiti_cha_mbele

Nimekaa mkao wa kula na nimeshiba. Modi aubandike juu huu uzi.

Fundi_Nodi

Mrejesho wakuu.

Lango la pili nimeliondoa, QoS imewekwa pande zote, tukio 1135 halijaonekana tena na kizingiti sijakigusa. MTU ilikuwa inaishia 1400 kwenye handaki la mwenye linki, wamerekebisha baada ya kuwatumia picha ya skrini. RegisterAllProvidersIP imekuwa 0, mfumo wa ripoti umenyamaza. Linki ya saiti ilikuwa kwenye 180 kama alivyosema dada, sasa options ni 1.

Jumamosi jioni nahamishia Dodoma kwa majaribio, kisha narudisha kabla ya Jumatatu. Kuna cha kuangalia?

BintiKanzidata

Kuhama kwa mpango usilazimishe. Ukitumia ile amri ya FORCE wakati Dar iko hai, kanzidata za Dar zitasimamishwa na utaanza kazi ya kuziunganisha tena kwa mkono, na miamala iliyokuwa haijafika Dodoma inaweza kupotea. Kwanza ibadilishe DOD1 iwe SYNCHRONOUS_COMMIT, na nodi kuu iliyoko Dar nayo iwe hivyo. Subiri hali iandike SYNCHRONIZED kwa kila kanzidata, siyo SYNCHRONIZING. Ndipo uhamishe kwa ALTER AVAILABILITY GROUP ... FAILOVER ukiwa umeunganika DOD1. Kurudi ni hatua zile zile kinyume, halafu uirudishe DOD1 kwenye ASYNCHRONOUS_COMMIT ukishamaliza, la sivyo Jumatatu kufunga siku kutachelewa na watakuja kwako.

Na job za SQL Agent, zile kazi zinazojiendesha kwa ratiba. Hizo hazihami na kundi. Zikague DOD1 kabla ya Jumamosi, pamoja na logini.

Fundi_Nodi

Logini nilinakili. Job... ngoja nifungue DOD1 sasa hivi.